Kutoa Sauti

...na mkono bado uko juu na kijiti cha kuongozea, kwaya nzima inamtazama Deogratias kama mtu aliyevaa shati kinyume na hakuna wa kumwambia, kapunga juu, kapunga chini, ingieni, hakuna aliyeingia, kwa sababu... loo, sauti, amesahau kuwapa sauti, hapa Temeke kwaya haianzi kabla mwalimu hajaliimbia kila kundi noti yake, hata mtoto wa komunyo ya kwanza anajua, ila yeye miaka yote ile Ulaya alizoea kupunga tu na vinanda vinalia, tena kupunga kwenyewe kwa kubahatisha, maana okestra za kule zilimwita kwa nadra, na siku ya kwanza bawabu alimwonyesha mlango wa wabeba viti, naye akavibeba kweli, viwili, asiudhi mtu, akatokea navyo jukwaani, wapigaji wakacheka, akacheka kuwazidi, kisha akajifungia chooni akafuta macho kwa karatasi ya muziki, akatoka na wino shavuni...

"Atupe sauti basi, mie koo linakauka," ananong'ona teno mmoja, na kule kwenye alto Flaviana kainamisha uso, Flaviana aliyefundishwa pamoja naye na Mwalimu Wilbert kwenye banda lilelile la nyuma ya kanisa, ubao, chaki, solfa, harufu ya maandazi ya jirani, Mwalimu akiugua ni Flaviana aliyetoa sauti, binti mwembamba anawaimbia wanaume besi yao kwa koo lake la kike na wanaume wanaipata, jamani kulikuwa kuzuri... halafu wazee wakauliza mwanamke ataongozaje misa ya sikukuu, akarudi kukaa, akafundisha miaka yote bila cheo, na juzi kamati ikampa Deogratias misa ya Pasaka aongoze, kwa vile katoka Ulaya, naye akashukuru kwa hotuba ndefu, mtu mweusi na jukwaa, milango aliyofungiwa kule, wakampigia makofi, Flaviana naye akapiga... akapiga, na yeye Deogratias kasimama mlangoni pa Flaviana, bawabu mzima, kavaa suti, hakujiona...

bega linauma, kijiti kiko palepale, "Dada Flaviana," anasema, "njoo uwape sauti, na Pasaka uongoze wewe, mie nitasimama hapa pembeni nikusaidie."

"Pembeni hapana kazi," anasema Flaviana, anakuja. "Nenda besi."