Sikio la Kushoto

Milimani, Lea alikuwa Lea tu. Nyumba ya bibi yake ilikaa peke yake kwenye mteremko, na jirani wa karibu ulimwita kwa kupaza sauti. Mtoto yule mwenye macho ya kuinuka pembeni, shingo fupi na ulimi uliopenda kuchungulia nje alikua akifukuza kuku na kuchuma mboga, wala hakuna aliyesimama kumkodolea macho.

Kisha ikaja amri ya watu wote kuhamia vijijini. Yunis, mama yake Lea, na mumewe Cleopa wakashushwa na lori bondeni, wao na watoto na magunia yao, kando ya barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi. Katika kijiji kile kipya cha ujamaa nyumba zilipangwa mistari kama mahindi. Ukipiga chafya kwako, nyumba ya tano wanasikia. Hapo ndipo Lea alipogeuka kuwa jambo la kuzungumzwa.

Bombani wanawake walikuwa wakinyamaza Yunis akifika naye. Siku moja jirani yao, Anastazia, akashindwa kuvumilia.

"Mama Lea, usikasirike, nakuuliza kama dada yako. Ulipokuwa na mimba ya huyu, hukumcheka kilema?"

"Sikumcheka mtu."

"Labda ulisahau," Anastazia akasema kwa huruma, akamsaidia kujitwika ndoo.

Tangu siku ile Yunis alikwenda bombani peke yake. Hakumfungia mtoto ndani. Alimwambia tu, "Baki, mama," na Lea alikuwa mtoto wa kutii. Alibaki akipanga na kupangua vifuu vya nazi mlangoni, akiimbia vifuu. Yunis alijiambia kwamba hamwonei mwanawe haya, ila amechoka kujieleza. Alijiambia hivyo mara nyingi mno, mpaka mwenyewe akaanza kutilia shaka.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1977 Mwinshehe alipopiga hodi. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, mzaliwa wa bondeni, mtu wa masihara asiyeweza kupita kwenye nyumba ya watu wa milimani bila kuwatania.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, Mama Lea. Mnapika nini nyie watu wa vilele, mbona harufu imenitoa kwangu?"

"Majani ya kunde."

"Basi ngoja nirudi." Lakini alikuwa ameshavuta kigoda. "Nimekuja kikazi. Tangazo limetoka. Safari hii hakuna mtoto wa kubaki nyumbani. Kila aliyetimiza miaka saba akaandikishwe shule. Paulo wako katimiza?"

"Katimiza."

"Na Lea?"

Yunis aliacha kukoroga. Tangu Lea azaliwe hakuwahi kusikia jina lake likitajwa pamoja na watoto wengine, katika pumzi moja, kama jambo la kawaida.

"Lea naye?"

"Mimi nimesema kila mtoto. Redio haikusema kila mtoto isipokuwa wa Cleopa. Na mzazi atakayeficha mtoto nitampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, hata akinichinjia jogoo."

Jioni alimsimulia mumewe. Cleopa alikuwa akinoa panga, hakuinua kichwa.

"Usijitie matumaini, Yunis."

"Siyo mimi niliyesema. Ni serikali."

"Serikali haijamwona."

Kipimo cha kuandikishwa kila mtu alikijua. Watoto wengi hawakuwa na karatasi ya kuonyesha walizaliwa lini, kwa hiyo mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la kushoto, basi amekua. Paulo, mwenye miaka saba, aligusa mara ya kwanza, akaligusa tena kwa maringo. Lea alikuwa na kumi. Mikono yake ilikuwa mifupi na minene, vidole vyake vifupi pia, na kila alipojaribu, vilipita utosi kidogo vikaishia hapo, kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto akakuta hakuna daraja.

Yunis akaanza kumnyoosha. Kila jioni baada ya kumwogesha alimpaka mafuta ya nyonyo begani, akamvuta mkono taratibu, huku Lea akicheka, maana kwake ule ulikuwa mchezo mpya. "Tena," Lea alisema. "Mama, tena." Kuna jioni Yunis aliona kabisa vidole vimesogea. Cleopa alipoitwa atazame, alitazama kwa muda mrefu, akasema ndiyo, vimesogea. Hakuwa na moyo wa kusema vingine.

Siku ya kuandikisha, Lea alivaa gauni la bluu lililoshonwa kwa kitambaa cha duka la ushirika. Alipita katikati ya kijiji amemshika mama yake mkono, akiwaamkia wote, wakubwa na wadogo. Wengine waliitikia. Wengine walitazama pembeni. Anastazia alisema, "Na huyu anakwenda?" na Yunis akajibu, "Kila mtoto," akahisi shingo yake imenyooka.

Mwalimu Damiano, mkuu wa shule, aliketi barazani nyuma ya meza. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho mekundu ya uchovu. Mwinshehe alisimama karibu naye kuwatambulisha watu wake. Paulo akapimwa, akapita. Kisha Lea akasogea.

"Kamoo mwayimu."

"Marahaba, mama. Hujambo? Haya, pitisha mkono."

Lea akapitisha. Vidole vikavuka utosi, vikakwama. Alimtazama mwalimu, akamtazama mama yake, akatazama foleni nzima ikimsubiri, na kwa kuwa hakupenda kumsubirisha mtu, akalaza kichwa kwenye bega la kulia. Sikio la kushoto likapanda juu, likavifuata vidole, vikalishika.

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya; mmoja hata alipiga makofi.

"Kagusa," akasema Mwinshehe. "Mwalimu, umeona, kagusa."

Mwalimu Damiano aliinuka. Alikishika kichwa cha Lea kwa viganja viwili, polepole, akakisimamisha wima. Mkono ukateleza ukaachia sikio. Lea alidhani anabembelezwa. Akafumba macho, akatabasamu ndani ya viganja vile.

"Bado mdogo," mwalimu akasema. "Mleteni mwakani."

"Ana miaka kumi, mwalimu." Yunis alifungua kitambaa akatoa cheti cha ubatizo. "Tazama mwenyewe. Huyu uliyemwandika sasa hivi ni mdogo wake."

"Cheti nimekiona, mama. Lakini kipimo ni mkono."

"Mwalimu," Mwinshehe akaingilia, na safari hii hapakuwa na utani, "mimi nimezunguka nyumba kumi nikisema kila mtoto. Ulivyoniambia wewe ndivyo nilivyosema."

Mwalimu akawavuta pembeni, akawaonyesha darasa kupitia mlangoni. Watoto walikuwa wamebanana juu ya matofali, wa nyuma hawauoni ubao. Mbele yao alisimama kijana aliyemaliza darasa la saba juzi tu, ndiye mwalimu wao.

"Nani hapa atamshika huyu mkono?" Mwalimu Damiano aliuliza kwa sauti ya chini. "Mimi chuoni sikufundishwa namna ya kumfundisha mtoto wa hivi. Nikisema mbele za watu kwamba hawezi, nimemhukumu. Nikisema bado mdogo, anaondoka na heshima yake."

"Heshima ya nani?" Yunis akauliza.

Mwinshehe alivua kofia, akaizungusha mikononi, akaivaa tena. Alikuwa amejiandaa kumshitaki mzazi atakayeficha mtoto. Hakuna aliyemwambia amshitaki nani mtoto akiletwa na kukataliwa.

"Lakini sikilizeni," mwalimu akasema, uso wake ukichangamka kama mtu aliyekumbuka kitu chema. "Alhamisi tunakwenda shamba la shule. Elimu ya kujitegemea. Aje alime na wenzake. Kule hatupimi mkono."

Alisema kwa moyo safi, na hilo ndilo lililommaliza Yunis. Angesema kwa dharau, angepata la kumjibu.

Nyumbani Cleopa alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kwa kalamu ni mdogo, kwa jembe ni mkubwa."

"Ndivyo ilivyo."

"Haendi."

Lakini Lea alikuwa amesikia neno moja tu katika maneno yote ya siku ile, nalo ni *aje*. Alhamisi alivaa gauni lake mwenyewe, akalifunga vifungo visivyolingana, akatoka na Paulo kabla baba yake hajarudi kutoka kuchunga mahindi yasiliwe na tembo. Alirudi mchana, ametapakaa udongo mpaka kwenye nyusi.

"Mama, nimesoma."

"Umesoma nini, mwanangu?"

Akafikiri sana. "Magugu," akasema, akaonyesha malengelenge kiganjani kwa fahari, kila kiganja kwa zamu yake.

Yunis alichemsha maji, akamwosha mikono. Alitafuta maneno ya kumweleza kwamba ile siyo shule, akayakosa katika Kiswahili, akayakosa hata katika lugha ya kwao.

Ijumaa Lea akaenda tena. Siku hazikukaa kichwani mwake. Kwake asubuhi ilikuwa asubuhi. Yule kijana aliyefundisha darasani alimrudisha amemshika mkono, akaomba radhi kwa heshima. Jumatatu alirudishwa na watoto, na hao hawakuomba radhi. Walimwimbia njia nzima, naye akaitikia wimbo wao, akiamini ni wa kwake. Yunis akawa anaamka mapema kumwambia leo siyo. Lea aliitikia, akaketi mlangoni na gauni lake, akingoja leo igeuke.

Alhamisi ya tatu Cleopa aliamua. Alisimama mlangoni, mkono mmoja umeushika mwimo.

"Leo haendi. Mwanangu siyo punda wa shule."

"Mwambie wewe," Yunis akasema. "Mimi sina pa kuanzia."

Lea akatokea ndani na jembe begani. Alikuta mkono wa baba yake umeziba njia. Akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa.

"Kamoo baba."

"Marahaba, Lea."

Akangoja. Aliutazama ule mkono bila wasiwasi, kama mtu anayengoja ng'ombe wapite barabarani. Huko nje sauti za watoto zilikuwa zikikaribia, majembe yakigongana.

"Baba, wanapita," Lea akasema.

Cleopa alimgeukia mkewe. "Nikimzuia atalia?"

"Hatalia. Atakaa hapo chini."

"Mpaka lini?"

"Sijui, Cleopa. Mpaka tumwambie inuka."

Mtoto alihamisha jembe toka bega hili kwenda lile. Kisha mkono wa Cleopa ukashuka wenyewe kutoka kwenye mwimo, ukaning'inia ubavuni mwake.

Lea akapita. Foleni ya watoto ilikuwa imekwisha kukata kona mwisho wa mstari wa nyumba, naye akaikimbilia, kwa mbio zake zile za miguu mizito. Wale wa mbele hawakumngoja, wala hawakumfukuza. Yunis na mumewe walibaki mlangoni, kila mmoja akitumaini mwenziwe ndiye atakayesema neno la kwanza.