Nusu ya Maneno ya Daktari

Ukweni walimwita Bi Funda, kwa sababu kila tonge aliloweka mdomoni alilisindikiza kwa funda la maji. Wifi yake ndiye aliyembandika jina hilo, na yeye, msusi wa nywele, alicheka pamoja nao, maana bibi arusi mgeni hana ubavu wa kununa. Ugeni ukaisha, jina likabaki.

Hakuwa akideka. Alizaliwa na umio uliokatika njiani: kipande cha juu kimeishia kama mfuko uliofumbwa, cha chini kimejishikiza kwenye bomba la hewa. Alipasuliwa akiwa kichanga, vipande vikaungwa, akapona. Lakini chakula hakikuteremka kwake kama kwa wengine. Nyama ikikwama, ilimkaa kifuani kama jiwe hadi machozi yamtoke. Mumewe aliyajua hayo kabla ya kumuoa, akamsihi, "Mama tusimwambie kwanza." Hiyo kwanza haikuwa na mwisho.

Mwaka huu hali ilizidi, wakaenda hospitali. Daktari, mwanamke mtaratibu, alimpitishia mpira wenye kamera, akanyofoa kipande kidogo cha utando wa ndani kikapimwe. Siku ya majibu aliwaeleza wote wawili.

"Utando wako ni wa kawaida kabisa," alisema. "Seli bapa, zimepangana tabaka juu ya tabaka, inavyotakiwa. Hakuna saratani, na paliposhonwa hapajabana. Lakini huo ni utando tu. Nje yake kuna tabaka lenye tezi za ute, halafu misuli: mmoja umezunguka bomba, mwingine umelala kwa urefu. Misuli ndiyo inayosukuma chakula, na yako haijawahi kusukuma vizuri tangu uzaliwe. Kula polepole, tafuna sana, kunywa maji. Nyama ngumu achana nayo."

Mume aliitikia kwa kichwa kila neno.

Kutoka hapo msusi alipitia saluni kwake kumalizia kumsuka mteja, mume akatangulia nyumbani. Aliporudi alikuta watu wako mezani, na kwenye sahani yake pande la nyama kubwa kuliko la mtu yeyote.

"Kula, mwanangu," alisema mama mkwe. "Mumeo ameshatuambia. Daktari kasema u mzima, kila kitu cha kawaida."

"Kumbe yalikuwa madeko," wifi akadakia. "Tumekuhurumia bure, wifi."

Msusi alimgeukia mumewe, ambaye ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kuchambua mfupa.

"Umewaambia nini?"

"Majibu."

"Yote?"

"Si alisema kawaida?" Aliinua mabega. "Tusiharibu chakula, mke wangu."

Hapo damu ikamchemka. Miaka yote amechekwa, na huyu alikuwa akicheka nao, ilhali anajua. Aliisukuma sahani, akasimama, akapandisha blauzi ubavuni. Kovu lilitoka chini ya kwapa la kulia likazunguka hadi mgongoni, limefinyana.

"Hapa ndipo nilipopasuliwa ili niweze kumeza," alisema. Akawaeleza yote, tangu mfuko uliofumbwa hadi misuli isiyosukuma.

Mama mkwe alikodoa macho. "Mbona hatukuambiwa?"

"Muulize mwanao, mama."

Mwana akamung'unya maneno, "Niliogopa utasema nimeoa mgonjwa, na watoto watakuwa..."

"Kwa hiyo ukamwacha mwenzio achekwe mezani kwangu?" mama yake alimkata. "Na mimi ukanifanya nimpe nyama imsonge?"

Wifi aliliondoa lile pande, akaleta mchuzi na viazi laini. "Nisamehe, wifi," alisema, bila utani.

"Nimesikia," msusi alimjibu. Kusikia si kusamehe, na wifi alilielewa hilo.

Aliketi, akaanza kula. Mume alimaliza chakula chake, akanawa, akasogeza kiti ainuke.

"Kaa," msusi alisema, bila kumtazama.

"Nimeshiba."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Kiazi kimoja kiligoma kifuani. Akatulia hadi kikashuka, kisha akachukua kingine. Hasira haikushuka nacho. Hakuna aliyeinuka mezani, hakuna aliyecheka, naye hakujihimiza hata kidogo.