Mfarishi wa Lubugo

Kabla Joviana hajaolewa pale Bugene, hakuna aliyemjua Adelgunda kuwa mtu wa wivu, wala yeye mwenyewe hakujijua. Alikuwa mke wa Kaijage, mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ile, na kwa miaka mingi mama mkwe wake, bibi Kokushubira, hakuwa na mkwe mwingine wa kumsifia. Adelgunda akisuka mkeka, Mae, kama wote pale nyumbani walivyomwita bibi, aliusifia mbele ya wageni. Akipika ndizi na maharage, Mae aliomba aongezwe. Hata nyasi za kutandika sakafuni akizikata yeye, Mae alisema nyumba inanukia vizuri kwa sababu ya mkono wa Adelgunda. Sifa zile alizizoea mpaka akaziona ni mali yake, kama vile shamba na jiko.

Kisha, miaka michache baada ya vita ya Hitla, Egbert, mdogo wake Kaijage, karani wa kununua kahawa, akaoa kutoka Muleba. Bibi harusi alikuja na sanduku la mbao, na lilipofunguliwa, juu kabisa palikuwa na mfarishi. Watu wa Bugene walilijua blanketi, lile la kijivu waliloleta askari waliorudi vitani, na walijua lubugo, nguo ya gome la mti waliyoivaa wazee wao. Mfarishi walikuwa hawajauona. Ulikuwa wa vipande vidogo vya vitambaa, vyekundu, vyeupe na vya samawati, vimeunganishwa pembe kwa pembe, ndani umejazwa pamba ya Mwanza, na juu yake sindano imepita mistari mistari ili pamba isikimbilie upande mmoja. Joviana alifundishwa na masista, na mfarishi ule aliushona kwa ajili ya mama mkwe ambaye alikuwa hajamwona bado.

Mae alijifunika pale pale, mchana, mbele ya watu, akasema hajapata joto namna ile tangu mzee wake afariki. Watu wakacheka sana. Adelgunda naye akacheka, lakini cheko lake liliishia kwenye meno.

Tangu siku hiyo kila mgeni akaongozwa chumbani kuuona mfarishi. Mkeka wa Adelgunda ulikuwa pale pale kitandani, chini yake, na hakuna aliyeutazama. Mae akawa anasema Joviana hivi, Joviana vile, Joviana ana vidole vya malaika. Roho ilimuuma Adelgunda hata chakula kikawa hakipiti. Na alichokitaka hakikuwa kikubwa, angalau yeye hakukiona kikubwa: alitaka Mae ajifunike kazi ya mkono wake, na ule wa Muleba ukunjwe, uwekwe sandukuni, usahauliwe.

Njia fupi ilikuwa kumwomba Joviana amfundishe. Joviana mwenyewe alishajitolea, tena kwa heshima, akasema, dada ukipenda nitakuonyesha, si kazi ngumu. Neno hilo la si kazi ngumu ndilo lililomwasha Adelgunda. Akamjibu kwamba macho yake yamechoka, sindano haioni tena. Macho yaliyochoka yale yalikuwa yanaona kila mshono wa Joviana kutoka upande wa pili wa nyumba.

Akaanza peke yake, nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, mahali ambapo hakuna aliyekuja bila sababu. Alikusanya kanzu kuukuu ya Kaijage, kipande cha kaniki, kipande cha amerikani na kitambaa chekundu alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Krismasi. Alikuwa ameona kwamba vipande vya Joviana vinalingana, akajua lazima kuna kipimo. Kipimo akakikata kwenye jani la mgomba, bichi, pana, lililonyooka vizuri. Asubuhi yote alikata vipande kwa kulifuata lile jani, akaenda kupika, akarudi mchana akaendelea. Alipoanza kuunganisha, pembe hazikukutana. Akafumua, akashona tena, zikakataa tena, na kitambaa kikavimba katikati kama ugali unaochemka. Ilimchukua muda kuelewa kwamba jani lilikuwa limenyauka juani, na kwamba vipande vya asubuhi na vya mchana havikuwa ndugu. Joviana alikuwa anatumia kipande cha boksi la sabuni. Adelgunda alikijua kile kipande, alikuwa amekiona mara nyingi, na alidhani ni takataka.

Akatafuta boksi lake, akakata upya. Safari hii pembe zilikaribiana, na kwa furaha akaujaza mfarishi majani makavu ya migomba, maana pamba ya Mwanza ilikuwa inaletwa na Egbert, na kumwomba Egbert ilikuwa sawa na kumwomba Joviana. Akaujaribisha kwa Kaijage. Kaijage alipogeuka usingizini aliamka ameshtuka, akauliza kama kuna ng'ombe ameingia shambani. Kulipokucha akamwambia mkewe, kwa upole wake wa siku zote, kwamba hana ugomvi na mshono, ila yeye si mbuzi wa kulazwa kwenye majani.

Akayatoa majani, akaupeleka ule uso wa vitambaa mtoni kuufua vumbi. Huko ndiko alikolia. Kaniki ilikuwa haijawahi kuloweshwa, ikachuja rangi yake yote, nyeupe ikawa ya maji machafu na nyekundu ikawa haina jina. Alikuwa amekaa juu ya jiwe na ule mzigo wa aibu mapajani wakati Joviana alipoteremka na mtungi.

Joviana alisalimia, shikamoo dada, akatazama, akaelewa. Hakucheka. Alisema tu kwamba kaniki huloweshwa kwanza kwenye maji ya chumvi, ikauke, ndipo ikatwe. Angecheka ingekuwa afadhali. Adelgunda alimjibu kwamba yale ni matambara ya kufutia vibuyu, na kwamba masista wa Muleba wasihangaike na matambara ya watu. Joviana akateka maji yake akapanda kilima. Wiki iliyofuata Adelgunda aliilowesha kaniki mpya kwenye maji ya chumvi, kwa kificho, na ilipokauka bila kuchuja alikasirika kwa sababu ilikuwa kweli.

Sasa alikuwa na uso mpya wa mfarishi, mzuri, pembe zimekutana, lakini hakuwa na cha kuweka chini yake. Ndipo alipokumbuka lubugo wa baba yake. Mzee Ndyamukama wa Chonyonyo alikuwa fundi wa kubandua magome ya mti wa mutoma na kuyagonga kwa nyundo ya mti mpaka yalainike yawe nguo. Lubugo wa mwisho alioutengeneza kabla hajafa alimpa binti yake, na Adelgunda aliuweka miaka yote hiyo bila kuuvaa, mwekundu wa udongo, laini, mzito kiasi chake. Akauchukua akajifunika mabegani. Ulikuwa na joto, na haukuhitaji pamba ya mtu yeyote.

Hapo hapakuwa na boksi la sabuni la kuiga. Alishona mishono midogo kama ya Joviana, na lubugo ukachanika pembeni kwa kufuata nyuzi zake, pakasikika mlio uliomkata maini. Akatulia. Akakumbuka baba yake alivyokuwa akinyunyizia gome maji kabla ya kuligonga, akanyunyizia naye. Akashona mishono mirefu, ya kukatisha nyuzi badala ya kuzifuata, na sindano ikapita bila kuumiza. Siku hizo aliimba. Majirani waliomsikia walidhani ana mimba.

Alichagua Jumapili moja baada ya misa. Mae alikuwa ameanza kukohoa kikohozi kisichoisha, na ndugu walikuwa wamejaa chumbani kumjulia hali: Kaijage, Egbert na mkewe, na Placidia, dada mkubwa wa Kaijage, aliyetoka Rugera, mwanamke asiyejua kunong'ona. Adelgunda akaingia na mzigo wake, akautandaza juu ya miguu ya Mae, juu ya ule mfarishi mwingine. Watu wakasema, ala. Joviana akainama, akagusa pembe moja baada ya nyingine, akasema zimekutana. Alilisema polepole, na Adelgunda akaona uso wake ulivyobadilika, akapata raha ambayo hakuwahi kuipata hata siku ya harusi yake.

Laiti angeishia hapo. Lakini alitaka kummaliza. Akaushika mfarishi kwa ncha mbili akaugeuza, ule upande wa lubugo ukawa juu, akasema wa pamba hauna kitu kama hiki.

Watu wakaondoa mikono. Pale kwao, kwa wakati ule, wazima walishaacha kuvaa lubugo. Lubugo mpya ulipelekwa kwenye nyumba yenye msiba, na ndani yake ndimo alimofungwa marehemu. Adelgunda alilijua hilo tangu utotoni. Watu walikuwa wakija kwa baba yake na macho mekundu, na yeye ndiye aliyewakaribisha. Alilijua kama anavyolijua jina lake. Ila kwa miezi yote ile, kila alipoutazama ule mfarishi, alikuwa anamwona Joviana tu, na mtu wa kujifunika alikuwa hamwoni.

"Unamharakisha mama yetu?" Placidia akauliza.

Adelgunda alitamani sakafu ipasuke. Kaijage akatazama mlangoni. Mae peke yake hakushtuka. Aliupapasa lubugo kwa kiganja, akauleta karibu na macho, akasema ile ni kazi ya Ndyamukama, anaijua nyundo yake.

"Watoto wamezoea kuniletea shuka za dukani wakidhani naona aibu ya lubugo," akasema. "Huu siulalii, mwanangu. Huu nitakwenda nao. Ukunjeni."

Ukakunjwa, ukawekwa sandukuni. Yale yale aliyokuwa ameutakia mfarishi wa mwenzake yakaupata wa kwake, na ule wa Muleba ukarudi kifuani mwa Mae. Kaijage alimwambia mkewe kwamba ameheshimiwa kuliko wote. Adelgunda hakumwamini. Alijua Mae alivyo mpole. Alidhani bibi amemfunikia aibu tu. Akawa anapita mlangoni mwa chumba kile na kuuona ule wekundu na samawati ukipanda na kushuka juu ya kifua kinachohema kwa shida, na hata katika hali ile, Mungu amsamehe, aliuonea wivu. Kwa kuwa alikuwa na shughuli hiyo, hakuona kwamba Joviana ameacha kumwita dada.

Mae alifariki mvua za masika zikiwa zimeanza. Watoto walileta nguo za maziko, kila mmoja na yake, lakini Kaijage akafungua sanduku akawaambia wazee kwamba marehemu ameagiza afungwe kwenye ule mmoja na usiongezwe mwingine. Wakamfunga, lubugo ndani, vipande vya rangi nje. Ukoo mzima ukaona. Wanawake wakaulizana nani ameshona, wakaonyeshana Adelgunda kwa macho, na yeye akajaa fahari mpaka akakaribia kusahau kulia.

Kisha wakamshusha. Udongo wa kwanza ulipoanguka juu ya zile pembe, Adelgunda ndipo alipoelewa kwamba hatauona tena. Ile kazi ya miezi, nyundo ya mwisho ya baba yake, ile mishono aliyoivumbua mwenyewe bila mtu, vyote vilikuwa vinafukiwa mbele yake na wanaume wenye haraka kwa sababu ya mvua. Alifungua mdomo aseme ngojeni. Udongo ukazidi kuanguka.

Waliporudi ndani Placidia aliutoa mfarishi wa Muleba kitandani, akaukunja, akampa Joviana, akasema ndivyo mama alivyotaka, kila kitu kirudi kwa mwenyewe. Wageni wakauomba wautazame. Ukapita mikononi mwao juu ya nyasi za matanga, wakiusifia rangi, wakiuliza umeshonwa vipi, na roho ikamuuma Adelgunda pale pale, katikati ya msiba. Huu watu watausifia mpaka wajukuu. Wa kwake hakuna mtu atakayeuliza habari zake tena.

Joviana aliuchukua mfarishi wake akatoka nao akaingia jikoni. Adelgunda akamfuata, hajui kwa nini. Alimkuta amekaa karibu na mafiga, mfarishi mapajani, analia, na hakikuwa kile kilio cha kuonyesha watu.

"Nimemfunika tangu siku niliyokuja," Joviana akasema, "akanirudishia. Wa kwako ameondoka nao. Siku ile ulipougeuza naye akasema atakwenda nao, nilikuchukia, maana nilijua nimeshindwa."

Haya ndiyo maneno ambayo Adelgunda aliyangoja tangu lile sanduku la mbao lilipofunguliwa. Alikuwa amewaza mara nyingi jinsi atakavyoyafurahia. Sasa yalikuwa yamesemwa, na yeye macho yake yalikuwa kwenye zile pembe nyekundu na samawati, bado anazitaka.

"Kama ingewezekana ningekupa ule," akasema, "unipe huo."

"Hata leo," Joviana akajibu.

Adelgunda akaketi. Akashika ncha moja ya mfarishi, Joviana akashika ya pili, wala hakuna aliyeuvuta, na wote wawili wakalia kwa sauti, kila mmoja akililia cha mwingine. Wanawake waliokaa nje waliwasikia, wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaambiana kwamba nyumba nyingine zimebarikiwa wakamwana, tazama hawa walivyompenda mama yao.