Ndimu ya Shosho

Siku ya Bajeti, Nairobi nzima hushikwa na wazimu mmoja: kila mwenye gari hukimbilia petroli kabla Waziri wa Fedha hajaipandisha bei. Hata aliyejaza jana hujaza tena! Ndiyo maana alasiri ile ya Juni 2008 Wahu alibaki peke yake kwenye yadi ya magari pale Adams Arcade, ameitegea redio sikio, roho mkononi.

Mbele yake palikuwa na kigari cha umeme cha viti viwili, kidogo hata majirani wakakiita friji. Ni yeye aliyemshawishi bosi wake, Karanja, akiagize kutoka Uingereza. "Serikali lazima itaondoa ushuru," alimwambia. "Tutakuwa wa kwanza, bosi!" Sasa miezi ilikuwa imepita, na mnunuzi hakuna. Wateja walicheka, wakagonga boneti, wakaenda zao. Karanja naye akaapa: Waziri asipotaja magari ya umeme leo, kesho kigari kinafunguliwa, kinauzwa spea. Na Wahu arudi kupanguza vumbi magari ya wenzake.

Waziri akasoma. Akataja barabara, akataja mbolea, akataja bia. Magari ya umeme, wapi! Hata kwa bahati mbaya hakuyataja. Wabunge wakapiga makofi, Wahu akazima redio akalia kwa hasira.

Simu ikalia. Alikuwa Karanja.

"Wahu, gari imenizimikia kwa foleni ya petroli, imekauka kabisa! Na mama ananingoja kanisani Lavington, kunanyesha. Nitafutie teksi."

"Teksi zote si ziko hapo na wewe, bosi?"

Karanja akauliza kwa shingo upande: "Hiyo friji iko na stima?"

"Imejaa."

Sasa, mamake Karanja, ambaye wote walimwita Shosho, yaani nyanya, hakuwa rafiki wa magari. Akiingia tu, harufu ya petroli ilimchafua tumbo, na hakwenda popote bila ndimu ya kunusa na mfuko wa kutapikia. Kanisani kwenyewe alifika kwa kufumba macho na kuomba Mungu njia nzima. Safari ndefu ndizo zilizomshinda kabisa, hata ubatizo wa Ciru, mjukuu wake, ulimpita.

Wahu alimkuta langoni mwa kanisa amejifunika leso, ndimu tayari mkononi. Akamsaidia kuingia.

"Haya, washa twende," Shosho akasema, ameshafumba macho.

"Shosho, tunaenda."

"Usinidanganye, mtoto." Akafumbua jicho moja. Kuta za matajiri wa Lavington zilikuwa zinapita taratibu dirishani, na walinzi wao wakikodoa macho. "Ngai! Na mbona haingurumi?"

Akavuta pumzi kwa uangalifu. Akavuta tena. Akaanza kusimulia habari za chama cha akina mama cha pale kanisani, nani kanuna, nani kaleta keki mbichi, na Wahu akasahau machozi yake.

Walipofika nyumbani Muthangari, Karanja alikuwa getini, ametembea kutoka kwenye foleni, ameloa chapachapa.

"Shuka, mama."

"Sishuki. Azunguke tena."

"Mama, kesho hiyo kitu inafunguliwa. Serikali haijasema chochote."

"Serikali gani? Hapa nyumbani serikali ni nani?"

Karanja akatazama viatu vyake. "Ni wewe, mama."

"Basi sikiza bajeti. Kigari hiki hakiguswi. Kila Alhamisi Wahu atanipeleka chama nacho, wenzangu wakione, maana wana watoto wenye pesa. Na wakija kununua, wewe punguza faida yako. Si huo ndio msamaha wa ushuru mnaolilia?"

Wahu aliuma mdomo asicheke, akashindwa.

"Na hasara, mama?" Karanja akalalamika.

"Hasara ni mimi kukosa ubatizo wa Ciru," akasema Shosho. "Jumapili nitaenda kwake. Wahu, utanipeleka?"

"Nitakupeleka, Shosho."

Karanja akapangusa maji yaliyomtiririka usoni. Kisha akafungua mlango wa kigari akampa mamake mkono. "Wahu," akasema bila kumwangalia, "Jumatatu uniambie ingine kama hii inachukua muda gani kufika kutoka Uingereza."

Shosho akashuka, akamwekea mwanawe ile ndimu kiganjani, nzima, haijanuswa.

"Shika," akamwambia. "Si unarudi kwa foleni ya petroli?"