Jukwaa Mbele ya Duka la Kaka

Mtaa ule ulikuwa unakufa kila jioni. Ofisi zikifungwa tu, watu wanaondoka kama waliofukuzwa, na katikati ya mji panabaki walinzi na paka. Ndiyo maana Manispaa ikampa Rula kazi ya kuufufua.

Rula ni mpangaji miji. Jina hilo alibandikwa na kaka yake walipokuwa wadogo, kwa sababu alikuwa akipima mkate kabla haujakatwa, asije akapunjwa. Likamganda mpaka ofisini.

Mpango wake ulikuwa mzuri, na yeye mwenyewe alijua ni mzuri. Kuanzia alasiri magari yasiingie. Vyumba vya chini vilivyokaa vitupu wapewe wachoraji, wachongaji na wacheza ngoma. Bendi ya matarumbeta, iliyokuwa ikifanyia mazoezi kwenye maegesho ya chini ya ardhi mpaka ikafukuzwa, ipate jukwaa la wazi kwenye ukuta wa sinema ya zamani. Ukuta ule hauna dirisha hata moja. Ukipiga kofi mbele yake, linakurudia limenenepa.

Tatizo ni kwamba mkabala na ukuta huo lipo duka la vifaa vya ujenzi la kaka yake, na Manispaa ilikuwa na sharti moja: jukwaa lisijengwe mbele ya mlango wa mtu bila ridhaa yake.

Rula hafanyi kazi kwa kukisia. Alipita duka kwa duka, akatandaza ramani juu ya kaunta na kumpa mwenye duka penseli achore anachotaka mbele ya mlango wake. Fundi cherehani wa pale pembeni alichora taa. Muuza miwani alichora mti, ukatoka kama kabichi. Kila mahali alikaa, akanywa chai, akasikiliza. Duka moja tu hakuingia. Huyo ni wa kwetu, alijiambia, tutaongea nyumbani. Na kweli nyumbani waliongea kila Jumapili: goti la mama, mtoto wa Rula asiyetaka kuoga, bomba la jikoni linalovuja. Mtaa haukutajwa.

Siku ya mkutano wa mtaa ramani ikatundikwa. Watu wakasogea kutafuta michoro yao, wakaicheka kabichi ya muuza miwani. Kaka naye akavaa miwani yake, akainama, akatazama mbele ya mlango wake. Palikuwa na jukwaa, limechorwa kwa mkono safi wa dada yake. Alipoulizwa kama anakubali, alijibu neno moja.

"Sikubali."

Akakaa. Kiongozi wa bendi akamtazama Rula kwa macho ya mtu aliyetapeliwa.

Rula alidhani ni habari ya wateja na malori. Akampigia wifi yake amsaidie kumlainisha. Wifi hana simile. Akamwambia aache kuyasingizia malori, mumewe amenuna kwa jambo jingine.

"Umekunywa chai kwa kila mtu mtaa mzima, wifi. Kwake umepita kama duka limefungwa."

Rula akasema lakini yule ni kaka yake.

"Ndiyo hapo. Angekuwa mgeni ungemsalimia."

Kesho yake akaenda na ramani kwapani. Kaka alimwona, akaendelea na mteja wa misumari, akimchagulia mmoja mmoja kama anayeoza binti. Mteja alipoondoka, Rula akaamkia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kama ofisi au kama nyumbani?"

"Kama ofisi."

"Basi kaa."

Chai ikaja. Kaka akashika penseli, na hakuwa na haraka. Alieleza kwamba malori hushusha asubuhi, mchana yameshamaliza, kwa hiyo hayo hayamsumbui. Akachora benchi refu kwenye kivuli, kwa sababu wapagazi wake hula wamechuchumaa. Rula alishapita pale mara nyingi, akawaona wamechuchumaa, na hakuwahi kuliwaza hilo.

"Nilikosea kukuruka," alisema.

"Ulikosea," kaka akajibu, akaendelea kuchora. Kisha akachukua kifutio, akafuta jukwaa. Rula alidhani radhi ingelirudisha. Haikulirudisha. Alikuwa na hotuba nzima kuhusu ule ukuta, imepangika kichwani, akaimeza. Haiwezekani kumpa mtu penseli kisha umshike mkono.

Jukwaa likahamia pembeni, kwa fundi cherehani, aliyeridhia. Kiongozi wa bendi hakuficha. Alimwambia kupiga tarumbeta pale ni sawa na kuongea umejifunika blanketi, na kwamba ukuta bora kuliko kuta zote mjini ameipa mifuko ya saruji. Rula hakujitetea. Manispaa ikapitisha mpango ulivyo, kazi ikaanza, na siku ya kwanza muziki ulipopigwa, upepo ulichukua nusu yake. Watu walisimama kidogo, wakaenda zao. Rula alikuwa amesimama na kaka yake mlangoni.

"Hawasikiki," kaka alisema.

"Najua."

"Kule ukutani wangesikika."

"Mlango ni wako, kaka. Sikuruki tena."

Kaka akaguna, akarudi ndani.

Wiki iliyofuata Rula alichelewa kutoka kazini. Alipofika pembeni kwa fundi cherehani akakuta patupu, akawaza: wamekata tamaa, wameondoka. Ndipo akausikia muziki, mzito, umejaa mtaa. Alifuata sauti mpaka kwenye ukuta wa sinema. Bendi ilikuwa pale, wapagazi kwenye benchi lao, na watu wengine wamekalia ndoo za rangi kutoka dukani. Kaka alikuwa mlangoni, mikono nyuma.

Rula akamuuliza nani kawaruhusu. Kaka akasema kiongozi wa bendi alikuja kutafuta bomba, wakaongea, wakaelewana.

"Na mimi je? Mpango uliopitishwa unasema kule pembeni."

"Kaubadilishe."

Jumatatu ingebidi Rula asimame mbele ya mkurugenzi na kueleza kwa nini jukwaa limetembea lenyewe, na hakujua angeanzia wapi. Aliona ajabu kwamba amekasirika, na kwamba hasira yenyewe ilikuwa tamu. Miaka yote amechora mitaa akiomba watu waitumie kama yao. Leo wameitumia, na hawakumwuliza.

"Dada, sogea," kaka alisema. "Umewaziba watu."

Rula akasogea.