Majani ya Kinyozi

Kila Jumatatu, kabla ya kupima presha, muuguzi wa kliniki huwakata wagonjwa majani yanayowaota masikioni kwa mkasi wa bandeji. Anayekunywa vidonge tu hachipui, wala anayekunywa mizizi ya kienyeji tu. Ni wale wanaochanganya. Majani huanguka ndooni, mgonjwa hujipangusa shingo, huingia kwa daktari na kusema hatumii kitu kingine. Si uongo wa bure. Aliyewahi kusema kweli alifokewa mbele ya benchi zima hadi akasahau kilichomleta.

Kinyozi naye alikuwa akikatwa kama wenzake. Vidonge alivinywa kwa ajili ya moyo, na magome aliyochemshiwa na dada yake aliyanywa kwa ajili ya magoti, maana kazi yake ni ya kusimama. Lakini mwezi huu alizirai mara mbili, ya pili wembe ukiwa shingoni mwa mteja. Mteja alisalimika. Kinyozi ndiye aliyekosa usingizi.

Jumatatu hiyo muuguzi alipoinua mkasi, kinyozi alimshika mkono.

"Mwanangu, kukata ni kazi yangu mimi. Haya yaache."

Aliingia kwa daktari kiubavuubavu, matawi yakikwaruza fremu ya mlango. Alitaja magome, akataja magoti, akautaja na wembe. Kisha akauliza, "Niambie tu, daktari. Hizi dawa mbili tumboni mwangu zinapatana au zinapigana?"

Daktari alisogeza jani lililomziba miwani. "Mambo ya kienyeji mimi siyaoni humu kwenye faili," alisema, akamwongezea dozi.

"Basi nitakaa nayo mpaka uyaone."

Wa benchini walimwona akitoka kichwa juu, nao wakaukataa mkasi, hata bibi mmoja mpole aliyekuwa na kichaka kizima. Muuguzi akaanza kuitumia ndoo kupigia deki.

Uongozi haukupuuza. Waliletwa mafundi, mlango ukapanuliwa na kuongezwa kimo ili matawi yasivunjike. Kazi ilikuwa safi, hakuna aliyelalamika. Daktari sasa huandika kivulini mwa matawi hayo, dozi juu ya dozi, na inaudhi, kwa sababu jibu lingechukua muda mfupi kuliko mlango.

Kinyozi ameufungia wembe kabatini. Shingo ya mtu si ya kubahatisha. Yake ndiyo anayobahatishiwa. Kila Jumatatu huingia wima, huuliza lilelile, hutoka na kidonge kimoja zaidi, na anayemfuata naye huuliza.