Nani Anafagia Kaburi la Mume Wangu?

Wateja walimwita Mizani, na si kwa sababu tu aliuza mchele wa kupima. Hata neno lako alilipima mara mbili, kisha akakutazama kama aliyeona mchanga ndani yake.

Jumamosi moja alipokuta kaburi la mumewe limefagiliwa tena, hakushangaa. Alidhani ni kazi ya mlinzi wa makaburi. Lakini kopo la maua pale kichwani? Akampigia simu wifi yake palepale.

"Wifi, kaka yako alikuwa na mwanamke."

"Kaka yangu? Aliyekuwa akisahau hata mkanda wa suruali? Huyo mwanamke angemkumbuka saa ngapi?"

"Maua ya manjano, wifi! Mimi miaka kumi na minne sikuletewa hata jani."

Mizani hakuwa na mzaha. Asubuhi ya mwisho waligombana, kisa chai iliyopoa, akamwambia mumewe aende na asirudi. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, mume akatii. Miezi minane sasa, kila Jumamosi, alikuja kumwomba radhi. Kama kulikuwa na mwingine, basi radhi zote zile zilikwenda na maji.

Jumamosi iliyofuata alidamka, akajibanza nyuma ya tangi la maji. Haukupita muda akaja mwanamume mwenye saruji kwenye ndevu, ufagio kwapani, maua mkononi.

"Wewe! Mume wangu umemjulia wapi?"

Ufagio ukaanguka. "Simjui, dada."

"Humjui, na unamletea maua? Nani kakutuma?"

"Huyu ni mke wangu."

"Mkeo! Kibao kina jina la mume wangu!"

"Mvua kubwa iling'oa vibao, mlinzi akavirudisha kwa kubahatisha. Matofali ya hapa yanafanana, ila mimi ni mwashi, haya niliyapanga mwenyewe. Ishirini na moja, la mwisho nusu. Mumeo ni huyo wa pembeni. Naye namfagilia, majani hayajui mpaka."

Mizani akahesabu. Ishirini na moja, la mwisho nusu. Akahesabu tena kutokea upande wa pili, maana huwezi kujua.

"Mvua ile ina miezi mitatu," alisema polepole. "Umekuwa ukinisikia?"

"Mara mbili tatu, nikinawa mikono pale bombani."

"Na ukanyamaza!"

"Mke wangu alipenda habari za watu. Mimi nikifika hapa ulimi unakauka, nabaki kufagia. Wewe ukaja na mambo ya wifi, ya chai… nikasema, wacha asikie sauti ya mtu. Nisamehe, dada."

"Kwa hiyo mume wangu hajasikia neno miezi mitatu."

"Labda amesikia. Ni hatua moja tu."

"Humjui. Tulilala kitanda kimoja na alikuwa hasikii."

Mwashi alicheka, kisha akaona machozi, akakoma. Akaokota ufagio.

"Unakwenda wapi?"

"Nakupisha, uzungumze naye."

"Kaa hapohapo. Usisogee karibu, wala usiende mbali." Mizani akahama ile hatua moja, akaketi. "Na wewe mwambie mkeo kitu. Ukidanganya nitajua."

Mwashi akapiga magoti, akakohoa mara mbili.

"Mke wangu," alianza, "huyu hapa ndiye yule wa chai."

Mizani akatega sikio, akalipima neno hilo. Halikuwa na mchanga.